Bahari Inatuhusu Nini Watu wa Kahe?

Katika miaka niliyofundisha sekondari huku kwetu nilizoea kuulizwa swali hilo kila nilipotaja mbele ya darasa kwamba huko Unguja kuna taasisi ya chuo kikuu inayosomesha elimu ya bahari. "Mwalimu, bahari inatuhusu nini sisi watu wa Kahe?" Swali halikuwa la utovu wa adabu. Kahe iko kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mahindi, mpunga na ng'ombe. Kijana wa hapa akifaulu vizuri Baiolojia na Kemia, wazazi na walimu humsukuma kwenye udaktari wa hospitali, na akikosa huko, kwenye kilimo. Bahari haimo katika hesabu zetu. Ni mambo ya watu wa Tanga na Unguja.

Nimelitafakari swali hilo muda mrefu, na jibu ninaloliona ni la historia. Nitaeleza jinsi elimu ya bahari ilivyoingia katika nchi zetu, ilivyokuwa mali ya wageni na ilivyopata kuwa yetu. Nitaeleza pia kwa nini nafasi zilizopo pwani leo zinamngoja kijana wa bara sawasawa na zinavyomngoja wa pwani.

Tuanze na jambo ambalo kila mtoto wa Kahe analijua bila kufundishwa: maji yetu yanakwenda wapi. Chemchemi ya Miwaleni inaububujisha maji ya mlimani yaliyopita chini ya ardhi, mto Rau unashuka kutoka Moshi, na mto Ruvu unakuja kutoka Ziwa Jipe. Yote hukusanyika kusini yetu na kukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto huitwa Pangani, nao hupita kando ya milima ya Upare na Usambara, hupita Korogwe na Hale, hadi kuingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani, safari ya karibu kilomita 500. Basi mto wa Pangani ni wetu kwa kichwa na wao kwa mkia.

Watu nao walifuata njia hiyo hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani ilipanda kwa bonde la mto kuja Kilimanjaro. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, na iliwachukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza nao walijenga tawi kutoka Voi kupitia Taveta, nalo likaungana na reli ya Tanga hapa Kahe mwaka 1916. Kahe ikawa njia panda: mkono mmoja unakwenda bandari ya Tanga, mwingine unaelekea Mombasa.

Wazee wetu waliifahamu bahari kwanza kwa jambo la ajabu na la kutisha. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilifungiwa katika delta ya Rufiji na kuangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kuisambaza katika nchi nzima. Mmoja uliletwa Kahe. Machi 1916, jeshi la Jenerali Smuts lilipoishambulia Kahe, mzinga huo wa merikebu ulikuwa ukipiga kutoka katikati ya mashamba na vichaka vyetu, hata Wajerumani waliporudi nyuma wakauharibu wenyewe na kuuacha. Ndivyo bahari ilivyofika Kahe mara ya kwanza: ilikuja kama chuma cha vita.

Baada ya vita reli ilileta chumvi, nguo na samaki mkavu, ikachukua kahawa na katani. Elimu ya bahari haikuja. Na hapa inafaa tujiulize ni elimu gani wakoloni waliitanguliza. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, Usambara, mwaka 1902. Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, hapa hapa Kilimanjaro, mwaka 1934. Kahawa ilikuwa na soko Ulaya, kwa hiyo ilipata wataalamu. Mvuvi wa pwani, aliyekuwa akiwalisha watu wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa, alingoja. Utafiti ulifuata mahali fedha ilipopita.

Mvuvi alipata kuangaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipokuwa ikitafuta chakula kwa pupa katika makoloni yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaanzishwa Unguja Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa herufi zake, EAMFRO. Lilihudumia Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Wataalamu wake walipima joto na chumvi ya maji, wakafuatilia mikondo ya kusi na kaskazi, wakachunguza viumbe vidogo vinavyoelea na kulisha samaki, wakajaribu mishipi na nyavu katika vina mbalimbali. Kazi ilikuwa nzuri, na baadhi ya vipimo vyake vilitumika miaka mingi baadaye. Lakini tazama nani alikuwa nani. Mwenye kalamu alikuwa mgeni. Mwenye usukani, mwenye kujua mwamba uko wapi na mkondo unageuka lini, alikuwa mwenyeji, na jina lake halikuandikwa kwenye jalada la ripoti. Mtoto wa nahodha hakuwa na chuo kikuu cha kumfanya aandike yale aliyoyajua baba yake.

Huku kwetu nasi tulionja hali hiyo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipokamilika katika miaka ya 1960, perege walizaliana kwa wingi usio na mfano. Wavuvi walihamia kutoka mbali, vijiji vikaota ukingoni, na moshi wa kubanika samaki ukatanda. Baada ya miaka michache mavuno yakaporomoka. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walikuja kulipima bwawa: maji yake, majani yake, samaki wake. Matokeo yalichapishwa Uingereza mwaka 1978. Mavuvi wa bwawa aliyetaka kujua kwa nini nyavu zake zinarudi tupu asingeweza kuyapata, na kama angeyapata asingeweza kuyasoma. Siwalaumu wageni wale. Walifanya kazi ambayo sisi hatukuwa na watu wa kuifanya.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Hapa Kahe tuliuhisi mvunjiko huo kwa masikio, kwa sababu mpaka ulifungwa na haukufunguliwa hadi 1983, na treni zilizokuwa zikivuka kutoka upande wa Voi zikanyamaza. Njia panda ikabaki na mkono mmoja. Lakini pigo lililoikata reli yetu ndilo lililozaa elimu ya bahari ya wenyeji. Shirika lile la utafiti lilikuwa chombo cha Jumuiya, na kila nchi ikalazimika kujitegemea. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Unguja. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, makao yakiwa Mombasa. Mwaka 1980 Tanzania ikapitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Katika miaka mitatu, utafiti uliokuwa wa shirika moja la kikoloni ukawa mikononi mwa Waafrika walioajiriwa na nchi zao, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa chuo kikuu.

Hilo la chuo kikuu ndilo lenye uzito. Shirika la utafiti hutafuta majibu, na chuo kikuu, pamoja na majibu, hutoa watu. Wanafunzi wa zoolojia na botania wa Mlimani walikuwa wakishuka kwenye kituo cha chuo huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kupekua maji yanapokupwa. Sasa wakawa na mahali pa kuendelea, kuandika tasnifu juu ya bahari yao wenyewe, na kubaki kazini. Kina cha maji katika bandari ya Unguja kilianza kupimwa mwaka 1984, saa baada ya saa, na vipimo hivyo ni miongoni mwa vile vya muda mrefu zaidi katika ukanda wetu. Mtu akiuliza leo kama bahari inapanda, jibu limo katika daftari lililojazwa na watu wetu.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mwani. Watu wa Unguja walikuwa wakiokota mwani wa porini na kuuza ng'ambo tangu zamani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata shahada yake ya uzamivu Hawaii mwaka 1974, aliuliza swali la mkulima: kama mmea huu una soko, kwa nini tusiupande? Mwani huo una utomvu unaotumiwa viwandani kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Yeye na wenzake walifanya majaribio na kuhubiri habari hiyo kwa miaka. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya mambo, na wakulima huenda shambani maji yakipwa. Kilimo hicho kimekuwa na wakulima zaidi ya 20,000 Zanzibar, wengi mno wakiwa wanawake. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha waliyoishika kwa mara ya kwanza kwa mikono yao wenyewe.

Nisiipambe hadithi kupita kiasi. Bei ya mwani imekuwa ndogo, mnunuzi ndiye anayeipanga, na mgongo wa mama ndio unaoulipa uzito wa gunia. Zaidi ya hayo, aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima huiita kotonii, ilianza kuoza na kufa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto na magonjwa. Hapo ndipo faida ya kuwa na watafiti wa kwetu ilipoonekana. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari aliingia majini pamoja na wakulima, akajaribu kuupanda mwani kwenye maji ya kina zaidi ndani ya nyavu zilizofanywa kama mirija, na akawafundisha akina mama kuusaga na kutengeneza sabuni ili wasiuze gunia peke yake. Tatizo halijakwisha, maana nyavu zinataka mashua na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea. Lakini swali lilitoka kwa mkulima, likaenda kwa mtaalamu, na jibu likarudi kwa mkulima kwa Kiswahili. Lile bwawa letu mwaka 1974 halikupata bahati hiyo.

Tangu hapo milango imeongezeka. Katika miaka ya 1990 Sweden ilisaidia kwa kiasi kikubwa kusomesha Watanzania shahada za juu za sayansi ya bahari. Mwaka 1993 wanasayansi wa nchi zetu waliunda chama chao cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, chenye makao Zanzibar, nacho hutoa ruzuku za utafiti ambazo hata kijana anayeanza anaweza kuziomba. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya hifadhi za bahari, na mwaka 1995 Mafia ikawa na hifadhi ya kwanza ya namna hiyo nchini. Joto la mwaka 1998 lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya ukanda huu, walikuwapo Watanzania wa kuzamia na kuhesabu kilichobaki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za sayansi ya maji na teknolojia ya uvuvi, na Taasisi ya Unguja, yenye kampasi mpya Buyu, husomesha shahada za juu. Asiyefika chuo kikuu anaweza kusoma uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Na ili mtu asiseme kwamba elimu hii haipandi mlima, Kenya waliisomesha elimu ya uvuvi katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mahali palipo juu na mbali na bahari kuliko Kahe.

Sasa nirudi kwenye mto wetu, kwani hapo ndipo jambo lenyewe linapobana. Mwaka 2003 wavuvi wa pwani ya Tanga walianza kunasa katika jarife zao, walizozitega vilindini, samaki mnene mwenye mapezi kama miguu. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu zama za kale mno, hata akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Walinaswa makumi katika miaka michache, wengi karibu na Kigombe. Mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya silikanti, yenye kilomita za mraba 552, kutoka kaskazini mwa Tanga hadi karibu na mlango wa Mto Pangani. Yaani mto unaomwagika jirani na hifadhi hiyo ndio ule uliopita Kahe.

Na mto huo haufiki kama zamani. Huku juu tumeongeza mifereji, mashamba ya mpunga na ya miwa, na watu. Chini kuna mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani. Kila mmoja ana haki na haja yake. Lakini maji matamu yakipungua, bahari hupanda. Watu wa Pangani wameeleza kwa miaka mingi kwamba maji ya chumvi yanaingia mtoni mbali zaidi kuliko walivyozoea, na kingo za mji zinalika. Mikunga ya mtoni, ambayo huzaliwa baharini, hupanda mito kukulia na kurudi baharini kutaga, hukuta kuta za zege njiani. Bonde la Pangani lilipata ofisi yake ya maji mwaka 1991, ya kwanza ya bonde nchini, na makao yake yako Moshi. Huko ndiko maji yanakogawanywa. Mwenye chumvi kisimani yuko mwisho wa mto, mwenye mfereji yuko hapa, na aliye katikati na karatasi anahitaji mtu anayezijua ncha zote mbili.

Mtu huyo ndiye ninayemwona kila ninapomwona kijana wa Kahe mwenye kichwa cha Baiolojia. Mtoto wa pwani ataijua bahari kwa kuzaliwa nayo, na hilo hatutamshinda. Lakini nani atajua zamu za mfereji zinavyogombewa usiku wakati wa kiangazi? Nani atajua kwa nini mkulima hafungi lango la maji hata shamba likijaa? Atakayeyajua hayo, kisha akajifunza kupima chumvi, mchanga na mayai ya samaki kwenye mlango wa mto, atakuwa na elimu ambayo haijaandikwa bado. Mlango wa mto ni mahali ambapo bara na bahari hushitakiana, na kesi hiyo inataka shahidi wa bara pia.

Kwa kijana anayekusudia, nina maneno machache. Soma Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa bidii, wala usiidharau Hisabati, maana bahari siku hizi husomwa kwa takwimu. Jifunze kuogelea mapema. Ukifika pwani, shuka kwa adabu. Mzee wa chombo ambaye hakupita darasani anaweza kukutajia majina ya pepo, maji na samaki kuliko kitabu chako. Mwamkie, msikilize, na utakapoandika, andika jina lake.

Kwa wazazi wenzangu nasema hivi. Mtoto akikuambia anataka kwenda Unguja kusomea bahari, usidhani ameipa kisogo ardhi ya babu yake. Amefuata maji ya Miwaleni yanakokwenda. Mzinga ulitoka baharini ukaja kutupiga huku. Si haba na sisi tukipeleka kitu huko, na kiwe ni mtu mwenye elimu.